Aliyemwitikia Genwang

Mpaka wanafika Luoyang, Xue Baoshan alikuwa ameshaitikia kwa niaba ya maiti mara moja, na koo lilimkereketa kama aliyemeza makaa.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ni nyepesi. Mtu akifa ugenini na mwili wake usipatikane, mzazi wake hubeba jogoo mweupe wa kuongoza roho, akasimama na kuita: fulani, rudi nyumbani. Pembeni lazima awepo mtu wa kujibu, "Nimerudi," maana marehemu hana tena ulimi. Mama Genwang alimchagua Baoshan. Angemchagua nani mwingine? Baoshan na mwanawe, Yan Genwang, walikula yamini ya udugu mbele ya sanamu ya Bwana Guan kwenye bwalo la mgodi wa makaa ya mawe, kwamba mama wa huyu ni mama wa yule.

Ilisemwa kwamba Genwang aliteketea chini ya ardhi, kwenye moto wa gesi, na sasa miaka mitatu ilikuwa inakaribia kutimia. Mwili haukutolewa. Wenye mgodi, watu wasio na haya, walileta gunia la unga wa ngano, dumu la mafuta na karatasi ya kutia saini. Likazikwa jeneza lenye koti na viatu. Kila mwaka Mama Genwang alikwenda kuita kwenye mdomo wa mgodi, na kila mwaka alirudi mikono mitupu. Alijua roho haijarudi kwa sababu hajamwota mwanawe hata siku moja. Miaka mitatu ikipita, roho isiyo na kwao hugeuka mzimu wenye njaa, wa kuzurura njiani mpaka mwisho wa dunia.

Ndipo alipoamua kwenda kwa Bwana Guan mwenyewe. Shujaa huyo wa kale alikatwa kichwa na adui zake. Kiwiliwili kikazikwa Dangyang, kichwa Luoyang, na roho ikajiendea yenyewe mpaka kwao Xiezhou, ambako watu walimfanya mungu. "Huyo njia anaijua," alisema Mama Genwang, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Dangyang, kwenye kaburi la kiwiliwili, waliita chini ya miti isiyo na vilele, kana kwamba nayo imekatwa vichwa. Baoshan aliitikia, sauti ikatoka.

Luoyang jua lilikuwa kali. Mwuza ubani mmoja kwenye lango la hekalu alilichungulia tenga la Mama Genwang.

"Mama, huyo jogoo bei gani?"

"Muuze mumeo kwanza, ndipo tuzungumze."

Wauzaji wenzake wakaangua kicheko. Mama Genwang hakucheka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kilima cha kaburi la kichwa, nyuma ya mahekalu, penye mlango wa jiwe wenye kitundu. Akainama, akagonga jiwe kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo.

"Nagonga ajue tumefika," alieleza. "Mtu haingii kwa watu kimyakimya kama mwizi."

Baoshan akageuka na kutapika kwenye mizizi ya mvinje.

"We Bao! Nilikwambia zile tambi za stendi zimelala. Ulafi wako utakuua."

"Ni jua tu, mama."

"Jua, jua. Miaka kumi na tano shimoni, leo unaogopa jua. Haya, jifute, uitikie."

Aliitikia. Safari hii sauti ilitoka nyembamba, na mama akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akalifunika tenga. Safari ya kwenda Xiezhou ilichukua siku mbili. Njiani mama alimmenyea mayai ya kuchemsha, akampa yote, hakujibakizia hata moja. Baoshan aliyala huku akijichukia.

Xiezhou, ndani ya ukumbi mkubwa, Bwana Guan alikuwa amekaa na uso wake mwekundu na macho yale ambayo hayapepesi. Watu walikuwa wengi, moshi wa ubani unawasha macho. Mama Genwang alimtoa jogoo tengani, akamkumbatia kifuani, akaita kwa nguvu zake zote:

"Genwang! Mwanangu, rudi nyumbani!"

Baoshan akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Genwang, rudi nyumbani!" Akamkanyaga mguu. "Itikia, wewe!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Tumevuka mikoa mitatu! Itikia, mwanangu, nakuomba. Siku zimeniishia."

"Siwezi kusema uongo mbele yake, mama." Baoshan akapiga magoti, na maneno yakamtoka yakikanyagana. "Hakufa kwa moto. Moto ulikuwa nyuma yake, mbali. Msimamizi alisema tuzibe handaki kwa matofali, moto ukose hewa, la sivyo ungewafikia wengine kwenye mahandaki ya jirani. Walikuwa watu arobaini, mama. Tulikuwa wawili wa kujenga, mwenzangu akazimia kwa moshi. Nikajenga peke yangu. Nikasikia bomba la maji linagongwa kutoka upande wa pili. Mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza."

"Ukajua ni yeye?"

"Zamu ile, ndani ya handaki lile, alikuwa yeye peke yake."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kujenga."

Mwanamke aliyekuwa akifagia majivu alisimamisha ufagio. Mama Genwang hakupiga kelele wala hakumpiga, na Baoshan alitamani ampige.

"Aligonga mpaka lini?"

"Tofali la mwisho lilipoingia alikuwa bado anagonga. Baada ya hapo niliondoka. Sijui."

Mama alishusha pumzi. "Kumbe. Mimi miaka yote naita kwenye mdomo wa mgodi, na yeye yuko nyuma ya ukuta wako. Na anayemjibia ni wewe." Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu rahisi iliyomshinda. "Shika."

Akamtupia jogoo mikononi. Moyo wa ndege ulikuwa unadunda kwenye viganja vya Baoshan.

"Leo utaita wewe."

"Mama..."

"Ita! Sauti yangu haijui alipo. Yako inajua. Mimi nitaitikia."

Baoshan aliita. Jina lile hakuwa amelitamka tangu siku ya moto, na lilimtoka na machozi mbele ya watu wote: "Genwang, ndugu yangu, rudi nyumbani!"

Mama Genwang alifumba macho, akasogeza mdomo karibu kabisa na sikio la Baoshan.

"Nifungulie," akaitikia.