Biashara Huria ya Bweni la Kiwira

Siku hizi serikali imeruhusu kila mtu auze anachotaka, na sokoni Kyela hata viatu vya mitumba, kafa Ulaya, vinagombewa. Mimi, nahodha wa mpira wa kikapu wa Bweni la Kiwira, sikuona kwa nini wanafunzi tubaki nyuma ya maendeleo.

Tuko kidato cha nne. Fainali mbili tumeshindwa kwa ufupi wetu tu, na kombe la mwaka huu lilikuwa nafasi yetu ya mwisho. Basi niliwaita manahodha wa mabweni ya Mbaka na Songwe nyuma ya jiko, nikawahutubia kwa sauti ya mchungaji:

"Mbaka watupe Tusajigwe, yule mrefu. Songwe wawape Mbaka yule Zubery, fundi wa kudunda mpira. Sisi Angetile wetu tutawapa Songwe."

Kheri, nahodha wa Songwe, akacheka. "Angetile? Si mnakula naye sahani moja tangu kidato cha kwanza?"

"Biashara haina sahani, bwana."

Siri yangu sikumwambia. Kwetu Wanyakyusa, marika waliokula pamoja hawaumizani. Tukikutana na Songwe fainali, Angetile angetuchezea kwa mikono laini. Nilikuwa nawatilia kitumbua chao mchanga.

Mwalimu wa michezo alikubali wahame mabweni. Jumatano Angetile alirudi kutoka shamba la mpunga la shule, akakuta godoro lake mlangoni, limeviringishwa na kufungwa kamba. Niliyelifunga ni mimi, nilidhani tutacheka.

"Ungeniambia," alisema, akalibeba.

Fainali ikawa yetu na Songwe. Tusajigwe alifunga vizuri kama nilivyotabiri. Lakini kila nilipopanda golini nilimkuta Angetile. Alinipokonya mpira, akanipasua mdomo kwa kiwiko.

"Wewe! Tumekula pamoja!" nilimnong'oneza, natema damu.

"Tulikula. Mpaka Jumatano."

Mila nilikuwa nimeikumbuka nusu tu: aliyefukuzwa kwenye sahani hadaiwi huruma. Goli la mwisho alifunga yeye, na kombe likaenda Songwe.

Jioni nilikwenda kwenye benchi lao bwaloni, mdomo umevimba, nikasimama mbele ya Angetile. Akasogea kidogo.

"Ndaga," nilimshukuru, nikaanza kukaa.

"Hapo pana mtu," alisema, na Kheri akakaa.