Jina Lililohamishwa

Lebo ya zamani ilikataa kutoka. Nsimire alibandika mpya juu yake, akalisukuma boksi. Mashine ikalia: ilikuwa imesoma ya chini, iliyochungulia pembeni.

"Mama Grâce, banduwa kwanza ya zamani," alisema Marcellin, kiongozi wa zamu, akicheka. "Hii mashine haiwezi danganywa."

Saa tisa alasiri Nsimire alitoka ghalani Jeffersontown, akarudi nyumbani Shively. Grâce, wa miaka kumi na tano, alikuwa mezani na kazi ya shule: historia ya mji wowote anakoishi ndugu. Alichagua Uppsala, Uswidi, ambako mama yake mkubwa, Adolphine, hufanya usafi ofisini. Kila siku Adolphine alimtumia ujumbe wa sauti, karne baada ya karne.

"1164, askofu mkuu," Grâce alisoma. "1477, chuo kikuu. 1702, moto, mji karibu wote. Anajua sana, Mom."

Nsimire alianza kupakua chakula. Mwaka 2011, kambini kwa wakimbizi, aliamini dada yake Adolphine ameuawa. Karani aliuliza Grâce ni mtoto wa nani, naye Nsimire akasema, wangu. Kwao mtoto wa dada ni mtoto, na fomu haikuwa na nafasi ya maelezo. Miezi minne iliyopita Adolphine alipatikana, hai. Nsimire alimwomba anyamaze hadi karatasi zao za uraia zitoke. Adolphine alikubali kwa neno moja: "Bon."

Grâce alifungua ujumbe wa leo.

"Donc, mwanangu, nilisahau kitu moja. Hii muji zamani iliitwa Aros. Batu balitoa jina Uppsala ku muji ya kwanza, bakaileta huku. Ile ya kwanza ingaliko, kilomita tano tu. Nilienda juzi. Makaburi ya bafalme, majani, upepo. Hakuna mwenye aliibomoa."

"Kwa hiyo ule wenyewe bado upo?" Grâce aliuliza.

"Kula kwanza."

"Dakika moja, Mom. Alisema nichague mwaka wowote, ataniambia alikuwa wapi."

Aliandika: 2010.

"Kwa nini huo?"

"Ndio niliozaliwa."

Alama mbili zikageuka bluu: umesomwa. Chini ya jina la Adolphine yakatokea maneno: anarekodi sauti.

Kipande cha lebo kilikuwa kimenata kwenye kidole gumba cha Nsimire. Alianza kukibandua, polepole, kutoka pembeni.