Meza Fupi ya Kyoto

Kitendawili! Wanalala kitanda kimoja, wanakula vyumba viwili. Umeshindwa? Nipe mji. Ni Gatsinzi na mkewe Nyirangabo, wa mtaa wa Linden, mjini Columbus.

Tangu waoane, mume hula sebuleni, mke jikoni na watoto, kama walivyozoea kwao milimani Kivu. Sasa binti yao Gaju ameolewa Louisville, mwana wao Cyubahiro yuko kiwandani Buffalo, na Nyirangabo anakula jikoni peke yake.

Jioni moja Gatsinzi alimwonyesha simu. "Mama Gaju, twende Kyoto siku tatu, sisi wawili tu. Mji wa zamani, mahekalu kila kona. Tazama, chakula wanaleta mpaka chumbani."

Pichani palikuwa na meza moja fupi na mito miwili ya kukalia, inatazamana.

"Na mimi nitakula wapi?"

"Hapo, mbele yangu."

"Ee! Unitazame nikitafuna?"

"Bon, tutaenda ao hatutaenda?"

Nyirangabo alirudi jikoni. Akamletea mumewe ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaondoka tena. Gatsinzi akaifunga ile picha.

Mara mkewe akatokea na sahani ya pili. Akaketi mbele yake, akamega tonge, macho chini.

"Tutaenda," alisema. "Lakini usinitazame sana."