Malka ya Kanze

Huku kwetu hakuna milima. Kitu kirefu kuliko vyote kutoka Garsen mpaka Chara ni tuta la barabara, na hilo nalo mafuriko yalilimega. Lakini njia za kupenyea tunazo, na watu wamezifia. Tunaziita malka: vichochoro ambavyo ng'ombe hushukia mtoni katikati ya mashamba. Mkulima akiilima malka, ng'ombe watakufa kwa kiu. Mfugaji akiipanua, mahindi yataliwa. Baada ya hapo ni mapanga na mikuki, na baada ya mapanga ni mikutano yenye soda.

Mkutano wa mwisho ulitoa uamuzi wenye maana kidogo. Mafuriko yalikuwa yameacha tope juu ya kila kitu na alama za zamani zote zimezikwa, kwa hiyo kila malka itafutwe upya na watu wawili, mkulima na mfugaji, na wa tatu awe shahidi. Wakikubaliana, wapige nguzo nyeupe. Malka isiishie popote ila kwenye maji yasiyokauka kiangazi. Na atakayemdanganya mwenzake, neno la mwenzake ndilo litakalosimama.

Pikipiki haziwezi lile tope jeusi, kwa hiyo zilitakiwa baiskeli, na ukitaka baiskeli Garsen unakuja kwangu mimi, Iha fundi. Ndivyo nilivyotwikwa ushahidi nisiouomba.

Mkulima alikuwa Kanze, mjane wa Mwaro, mwenye shamba kando ya mto upande wa Idsowe. Mfugaji alikuwa Huka. Ng'ombe wa Huka waliwahi kula mpunga wa Kanze mpaka kwenye shina, na Kanze akamkata mmoja wao mguu kwa panga. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku hiyo, na sasa mimi nimebandikwa katikati yao kama kiraka.

Kabla hatujaondoka Kanze alinivuta pembeni.

"Iha, wewe ni mtoto wetu. Usije ukanitia aibu."

"Mimi ni shahidi, mama."

"Shahidi wa nani?"

Nilijifanya nakaza kamba ya nguzo. Alichokiogopa nilikijua, maana alikisema kwa yeyote mwenye masikio. Malka ya zamani ilipita mahali fulani upande wa shamba lake, mahali ambapo hakuna aliyepakumbuka vizuri, na Mwaro amezikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Kanze hakuogopa njaa. Aliogopa kwato juu ya mumewe.

Tukaondoka. Huka alikuwa mbele, nyundo kubwa imefungwa kwenye keria, Kanze nyuma yake na mimi nyuma ya Kanze na mzigo wa nguzo. Tope lilijaa kwenye madigadi hadi magurudumu yakakataa kuzunguka, tukashuka tukakwangua kwa vijiti, tukapanda, tukashuka tena. Miiba ya vichaka vya mathenge ilinitoboa gurudumu la mbele, kisha la nyuma. Nilipokuwa nikipaka gundi, wawili wale walisimama wamepeana migongo, kila mmoja akitazama nchi yake, na jua likitupiga sote bila ubaguzi. Niliwalaani wote wawili kimoyomoyo, na mkutano, na soda zake.

Tulipofika mahali mathenge yalipoachana, Kanze akasimama.

"Malka ni hii," alisema akimwangalia Huka kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe wenu wanapita hapa kila siku. Tazama mavi."

Kweli kinyesi kilikuwepo, mabonge makavu yametapakaa mbele kadiri jicho lilivyofika. Huka aliegemeza baiskeli, akaenda kwenye bonge moja, akaligeuza kwa fimbo. Chini yake majani yalikuwa mabichi kabisa. Kila aliyezaliwa huku anajua kwamba kinyesi cha ng'ombe kikilala mahali mpaka kikakauka, majani ya chini yake huwa yamekwisha kuwa manjano. Kile hakikudondoka pale. Kililetwa.

Nilimtazama Kanze. Kanze alikuwa akitazama mawingu. Nikangoja ugomvi, na kusema kweli niliutamani, tupigane tumalize nirudi dukani. Lakini Huka alilirudisha lile bonge mahali pake taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.

"Mimi nakubali," alisema. "Malka ni hii."

Uso wa Kanze ulinyooka. Tukapiga nguzo, moja baada ya nyingine, mimi nikishika na Huka akigonga, Kanze akituhimiza tusipinde. Alikuwa na furaha isiyofichika, hata akaanza kunyanyua nguzo mwenyewe. Mpaka tulipofika mwisho wa kichochoro, kwenye mkondo wa zamani, ule ambao mto Tana uliuhama. Kanze alipoichagua njia ile palikuwa na maji ya mvua. Sasa tope la chini lilikuwa limepasukapasuka.

Huka alitua nyundo.

"Maji iko wapi?"

"Hapa ni mto," Kanze alisema.

"Hapa ilikuwa mto."

Akaigeukia Tana, akanyoosha fimbo kutoka kwenye nguzo yetu ya mwisho, moja kwa moja. Kati ya fimbo na mto palikuwa na bati moja likimeremeta juani. Ilikuwa nyumba ya Kanze.

Hakungoja neno. Alikokota baiskeli kuelekea kule, nasi tukamfuata, Kanze akijikwaa kwenye madongoa na asilione hata moja. Tulipita kati ya kuku wake, tukapita jikoni kwake, tukatokea nyuma. Kaburi la Mwaro lilikuwa pale chini ya migomba, limezungushiwa matofali. Huka alisimama miguuni mwa kaburi.

"Malka lazima ifike maji," alisema. "Mimi na wewe tulikubali, na fundi ameona. Fundi, shika nguzo."

Nilimchukia mtu yule wakati ule. Nilimchukia kwa utulivu wake, na nilimchukia Kanze kwa ujanja wake uliotufikisha pale. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba inaweza kupitia kaburini.

"Iha," Kanze aliniita. "Sema kitu."

"Mwenye cha kusema ni wewe, mama."

Aliinama, akalirudisha mahali pake tofali moja la kaburi lililolegea. Alipoinuka, uso wake ulikuwa na hasira, si machozi.

"Yale mavi niliyamwaga mimi," alisema hatimaye. "Niliyabeba kwa magunia kutoka zizi la mnadani Garsen. Ile si malka."

"Mimi najua."

"Ulijua?"

"Nilitaka useme na mdomo yako." Huka alijifuta jasho. "Sasa neno ni langu."

"Neno ni lako."

Hapo ndipo niliposikia baridi, na jua liko utosini. Mwanamke yule alikuwa amemweka mumewe mdomoni mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimkatia ng'ombe wake mguu. Huka angeweza kusema lolote, na lingesimama. Naye alijua, maana hakuharakisha. Alitoa chupa yake akanywa maji, hakumkaribisha mtu, akaifunga. Kisha akatembea ukingoni, akatafuta ng'ambo ya mto kwa macho mpaka akauona mti mmoja wa mkoma wenye shingo iliyopinda.

"Baba yangu alikuwa nanywesha upande hii, mbele ya ile," alisema. "Ng'ombe inashuka, ingine inarudi, zinapishana. Mafuriko haikuitoa."

Akarudi nyuma akiuangalia ule mkoma, akaliacha kaburi, akaipita migomba mingi, akasimama karibu na ukingo wa shamba.

"Malka itakata safu mbili ya ndizi. Hiyo tu. Ungeniuliza asubuhi, ningekuambia."

"Asubuhi nisingekuamini."

"Na sasa?"

"Na sasa sikuamini," Kanze alisema. "Lakini piga."

Niliinama kuishika nguzo. Kanze akanisukuma pembeni, akapiga magoti kwenye tope, akaishika yeye kwa mikono miwili, karibu na juu, mahali ambapo fundi mwenye akili hashiki. Nyundo ikiteleza kidogo tu, hana vidole tena. Huka aliitazama mikono ile. Nadhani alimkumbuka ng'ombe wake. Kisha akainyanyua nyundo juu ya kichwa, na Kanze hakufumba macho, alimkazia usoni.

Nyundo ilishuka katikati ya kichwa cha nguzo.

"Ng'ombe wako akivuka hapa," Kanze alisema, "nitamkata mwingine."

"Na mgomba ikivuka, ng'ombe itakula."

Akainyanyua tena. Aliendelea kugonga mpaka nguzo ikasimama imara, na Kanze hakuiachia.