Vua Kofia

Mtaa mzima ulimwita Vua-Kofia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja aliyeketi kwenye kigoda chake kupigwa picha ya pasipoti. Yeye mwenyewe hakuwahi kuivua yake. Mganga hajigangi, tusimcheke sana.

Siku hiyo aliivua mbele ya daktari wa kupandikiza nywele. Daktari akamgeuza kichwa chini ya taa, akampapasa kisogo.

"Unatarajia nini, kaka?"

Akatoa picha mfukoni. Ni yeye, sura ya leo, ila nywele zimemjaa mpaka kwenye paji la uso.

"Ya mwaka gani hii?"

"Ya mwezi uliopita. Nywele nilizitia mwenyewe kwenye kompyuta."

Daktari hakucheka. Alichukua kalamu ya wino, akamchora mstari juu kabisa, mbali na paji. "Zitaanzia hapa. Tunazitoa kisogoni, na kisogo chako hakina nyingi, kwa hiyo hazitasongamana kama za kwenye picha. Halafu wiki chache baada ya kupandikizwa, nyingi zitapukutika kabla ya kuota tena. Matokeo kamili, hesabu mwaka."

"Mwaka? Harusi yangu ni baada ya miezi miwili."

"Basi siku ya harusi utakuwa na upara kama leo. Nenda ukafikirie. Ukiyakubali hayo, rudi."

Sindano hakuziogopa. Aliyemwogopa ni mchumba wake, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miezi saba hakuwahi kumwona kichwa wazi. Picha ileile ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya cherehani yake. Alimpa mwenyewe, akasema ni ya karibuni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza miezi miwili.

Hakupitia nyumbani, maana alijijua: angelala, na ujasiri ungelala naye. Alimkuta mchumba akimshonea pindo la koti la harusi. Akafunga mlango, akavua kofia.

Mguu wa mwanamke ukaganda kwenye kanyagio. Alikiangalia kichwa, akauangalia mstari wa wino, kisha akaibandua picha ukutani.

"Na huyu nani?"

"Mimi. Nywele nilizitengeneza."

"Upara si kitu. Baba yangu alikuwa nao." Alisema taratibu, na upole huo ndio uliomtisha zaidi. "Niambie, kipi kingine umekitengeneza?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Mwanamke akamrudishia picha. "Niletee nyingine. Usiiguse kwenye kompyuta. Nikiiona ndipo nitajua kama nalimalizia hili koti."

Alivuka barabara kichwa wazi, jua likimchoma utosi na watu wakigeuka kumtazama. Kufika studio, akatega kamera ijipige yenyewe, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Mkono ukajiendea wenyewe kwenye kofia mfukoni, akauzuia. Kamera ikalia. Alipoitazama picha, macho yalikuwa yamefumbwa. Angekuwa mteja, angemwambia arudie.

Alirudia mara nne mpaka macho yakabaki wazi. Woga ulionekana, mstari wa wino ulionekana, upara ndio usiseme. Hakugusa kitu. Aliichapa, akasimama mlangoni akiwa ameishika.

Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa kimya. Akavuka.