Nywele za Juu ya Mdomo

Shuleni walimwita Sharubu, na jina likamganda. Wala hawakumsingizia. Tangu alipotimiza miaka kumi na miwili, juu ya mdomo wake paliota nywele nyeusi, laini, za kutosha kuonekana na mtu wa dawati la mbele, na wenzake hawakuwa watu wa kuacha jambo lipite. Wasichana walimpelekea wembe uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mvulana mmoja alimwomba amfundishe namna ya kuzifuga. Sharubu aliyameza yote hayo akarudi nyumbani kichwa juu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na baba.

Baba alikuwa fundi seremala, Kalasinga mwenye ndevu za kufika kifuani, mtoto wa mhamiaji aliyetoka Punjab na sanduku la misumeno na kitabu cha sala. Kwa imani yao nywele hazikatwi, hazinyolewi, hazing'olewi, ziwe za kichwani au za mguuni, za mwanamume na za mwanamke sawasawa. Ndivyo Mungu alivyomuumba mtu, na mwenye kuzipunguza anajifanya kumsahihisha Mungu. Baba aliyasema hayo kila Jumapili hekaluni alipowafundisha watoto sala. Na binti yake alipomletea machozi ya shule, alimshika kidevu akamwambia, "Waache wacheke, mwanangu. Wewe umebeba agizo usoni. Wao wamebeba nini?"

Basi Sharubu akalibeba, na siyo usoni tu.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu aliingia chumbani kwa kaka yake kutafuta kichongeo cha penseli. Akamkuta kaka, kijana wa miaka kumi na tisa, amevua kilemba, na chini ya kilemba hamna kitu. Zile nywele za kufika kiunoni, ambazo mama alizichana na kuzipaka mafuta tangu kaka akiwa mchanga, zilikuwa zimekatwa hadi karibu na ngozi.

"Usimwambie baba," kaka alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Nipe wiki moja."

Sharubu hakumpa hata robo saa. Alikimbia hadi karakana ya baba, akasimama kwenye maranda yaliyomfika vifundoni, akasema kila kitu. Alijiona mtu wa haki kweli kweli. Jioni ileile nguo za kaka zilitolewa mlangoni ndani ya gunia, na baba akatamka kwamba aliyekata alichopewa na Mungu hana baba katika nyumba hii. Mama alilia siku tatu, akanyamaza. Miaka saba ikapita bila kaka kutajwa mezani. Sharubu alimkumbuka sana, lakini alikuwa na neno la kujituliza: sheria ni sheria, na baba hakumwonea mtu. Neno hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi.

Sasa ana miaka ishirini, na shangazi yake, dada wa baba, amemtafutia mchumba. Ni kijana mwenye duka la vioo, Kalasinga kama wao, wa ukoo uliosifiwa mpaka masikio yakachoka. Wageni walitarajiwa Jumapili saa kumi alasiri. Saa nane na nusu shangazi aliingia jikoni bila hodi, akatwaa sufuria ya chai, akamimina sukari na maji ya ndimu, akawasha jiko.

"Hiyo sukari ya nini, shangazi?"

"Ya huo mdomo wako."

Sharubu alidhani ni mzaha. Shangazi alikuwa mtu wa mizaha, mingi mibovu.

"Mama wa kijana ameiona picha yako," shangazi aliendelea, akikoroga. "Kakusifu sana. Kasema msichana mzuri, ana macho, ana adabu, ila pale juu papigwe deki."

"Papigwe deki."

"Maneno yake hayo, si yangu."

"Na huyo mwanawe je? Picha nimeiona na mimi. Ndevu zimekatwa zikafuata taya kama ukingo wa nyasi. Hizo nazo kazipiga deki nani?"

"Yule ni mwanamume, ana biashara, anaonana na watu. Usianze."

Sukari ilichemka, ikawa nzito na ya rangi ya kahawia. Shangazi aliiepua, akaiacha ipoe, akachovya kidole, akakilamba, akakichovya tena. Kidole hichohicho kilichotoka mdomoni mwake, chenye mate na harufu ya karafuu, ndicho kilichokuwa kinakuja usoni mwa Sharubu. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Baba hatakubali," alisema.

Shangazi akacheka kidogo. "Mwanangu, unadhani nani kaniita?"

Mama alikuwa kwenye sinki, akisugua kikombe kilichokwisha takata. Hakugeuka. Sharubu alimtazama kisogo akasubiri akanushe, lakini mama alizidi kusugua. Ndipo kinyaa kikamshika sawasawa, na siyo tena kwa ajili ya mate ya shangazi.

"Haya, nimekubali," alisema. "Ila mkono uwe wa baba. Mwiteni aje afanye mwenyewe."

"Mtoto huna haya," alisema shangazi.

"Mwiteni."

Alikuwa amefanya hesabu yake. Baba anaweza kuagiza jambo kwa mdomo wa dada yake, watu wote hufanya hivyo wanapoona aibu. Lakini kushika kitambaa na kuvuta, baba yule aliyemtoa mwanawe kwa gunia, hataweza. Mkono utamsaliti. Ataketi kwenye kiti, atasema "Tumekosea," na watu wa vioo wataenda zao. Sharubu alimwomba Mungu iwe hivyo. Kwa maana isipokuwa hivyo, kaka alifukuzwa bure, na aliyemfukuzisha ni yeye.

Baba akaja. Alikuwa amevaa kilemba cheupe kilichopigwa pasi na shati la Jumapili.

"Ni kweli umeagiza, baba?"

"Ni kitu kidogo, mwanangu."

"Ulisema ni agizo."

"Za kichwani ndizo zenyewe. Hizi za juu ya mdomo..." Alitikisa vidole hewani kama anayefukuza inzi. "Mungu anaangalia moyo."

"Moyo wa kaka hakuuangalia?"

Kikombe kiligonga sinki. Baba alitazama saa ya ukutani.

"Yule alikata kwa kujitakia," alisema. "Wewe unafanya kwa heshima ya wazazi wako. Hayo ni mambo mawili."

Aliyasema kwa sauti ileile ya hekaluni, ya upole, ya mtu anayewafunulia watoto jambo. Jibu alikwisha liandaa. Sharubu aliwahi kusikia watu wakisemwa kwamba wamelamba matapishi yao, lakini hakuwahi kumwona mlambaji akifuta ndevu na kusema ni chakula.

"Basi fanya," alisema, akaketi.

Baba alisita kwa muda wa kupandisha mikono ya shati. Alichukua mwiko mdogo, akapima uzito wa sukari, akauliza, "Zinalala upande gani?" Shangazi akamwonyesha: paka kwa kuzifuata, vuta kwa kinyume. Akapaka. Alipaka vizuri, kwa mkono wa fundi, bila kuchafua shavu. Akalaza kitambaa, akakikandamiza, akavuta.

Maumivu yalikuwa madogo, hata hayafai kuhadithiwa. Baba alikitazama kile kitambaa, nywele zimesimama juu ya sukari kama miguu ya wadudu, akakiweka mezani karibu na biskuti za wageni. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa binti yake, taratibu, kwenda na kurudi, anavyopima ubao uliotoka kupigwa randa. Akaridhika. Uso wake ulionyesha wazi kwamba ameridhika na kazi.

"Umeumia?" akauliza, na akainama akampuliza pale palipowasha, kama alivyokuwa akimpuliza magoti alipoanguka utotoni.

Hilo la kupuliza ndilo lililommaliza. Angemfokea, angestahimili. Ile pumzi ya huruma iligusa ngozi tupu na Sharubu akaugeuza uso. Alimpenda mtu huyu kuliko watu wote duniani, na sasa hakutaka hata hewa yake.

"Bado upande wa pili," shangazi alisema, na hodi ikabishwa mlangoni.

Wageni walikuwa wamewahi nusu saa. Shangazi aliapiza kwa sauti ya chini. Baba aliosha mikono kwa sabuni mara mbili, akashusha mikono ya shati, akarekebisha kilemba mbele ya dirisha, akaenda kuwakaribisha. Salamu zake zilisikika hadi jikoni, nene, za mcha Mungu. Mama alijaribu kumfunika Sharubu uso kwa ncha ya mtandio. Sharubu aliuondoa mkono wa mama, bila ukali, akabeba sinia ya chai.

Sebuleni walikaa mama mtu na kijana wa vioo, ndevu zake zikinukia manukato. Baba alisimama katikati akinyoosha mkono.

"Huyu ndiye," alisema. "Mtoto wangu wa pekee."

Mama wa kijana alitabasamu, halafu macho yake yakafika mdomoni. Upande mmoja ulikuwa mweusi, upande wa pili mwekundu na unang'aa kwa sukari. Tabasamu lilibaki pale kwa kukosa pa kwenda. Kijana alitazama zulia.

"Wa pekee kabisa?" mama yule aliuliza, ili tu pawe na mtu anayesema kitu.

"Kabisa," alisema baba.

Sharubu aliweka sinia chini, akahakikisha vikombe vimetulia. "Ninaye kaka mkubwa," alisema. "Alikata nywele, baba akamfukuza. Mimi ndiye niliyemchongea."

"Binti anatania," alisema baba, na akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Sharubu akarudi jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mama alikuwa bado kwenye sinki, na safari hii aligeuka. Alikausha mikono, akachukua kalamu ya kuorodheshea mahitaji ya jikoni, akaandika nyuma ya bahasha jina la mtaa na namba ya nyumba, haraka, bila kufikiri, akampa Sharubu. Ilikuwa anwani ya kaka, na mama alikuwa ameijua kwa miaka mingi.