Ndala za Bafuni

Ndala za bafuni kwetu zilikuwa za kijani, kisigino kimeliwa upande mmoja, na hakuna aliyeoga bila kuzivaa. Tangu mwanangu Ezron afunge hita ya umeme, bomba lilikuwa linang'ata kwa shoti. Lakini baridi ya Julai ya huku Uyole ikikushika, maji ya moto huyaulizi maswali. "Bomba letu lina wivu, mama," alikuwa akisema Sekela, mke wa Ezron. "Halitaki kuguswa na mtu aliye peku."

Asubuhi ile nilizivaa mimi kwenda bustanini kuchuma chainizi, maana umande ulikuwa unauma. Niliporudi na mboga mkononi, maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni, nikaita, na Sekela haitiki.

Msibani waliuliza, "Hakuvaa ndala?" Kisha macho yote yakashuka miguuni pangu.

Tangu hapo tukaoga kwa ndoo, na kila Jumapili nikaenda kaburini. Shule yangu iliishia darasa la tatu, maneno makubwa sina. Nilisema yaleyale: "Nisamehe Sekela mwanangu, ndala nilichukua mimi." Ezron alisimama kando na jembe, akipalilia palipokwisha kupaliliwa.

Mwezi wa tisa alinunua hita mpya. Ataifunga mwenyewe, alisema, ila fundi mwenye leseni ataikagua kabla haijawashwa. Alizima mein swichi, akatia kufuli, ufunguo akanikabidhi mimi. Akajaribu nyaya kwa testa, mara mbili. Sijawahi kumwona mwangalifu kiasi kile. Nikamshikia kigoda alichosimamia, akaishusha hita ya zamani.

Ukutani, ilipokuwa hita, palikuwa na waya wa kijani na manjano, umekunjwa kama mkia wa panya na kuzungushiwa utepe mweusi. Haukufungwa popote.

"Huu wa nini?"

Hakunitazama. "Wa eathi, mama. Umeme ukivuja, huu unaupeleka ardhini."

"Mbona haukwenda?"

"Sikuwa nimechimbia fimbo yake. Nilisema nitamalizia Jumamosi."

"Jumamosi ipi?"

Akaanza kuubandua ule utepe mweusi kwa ukucha.

"Kwa hiyo zile ndala..."

"Si ndala, mama."

"Na kule kaburini ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Kigoda kilikuwa bado mikononi mwangu. Ningeweza kukiachia. Nikakishika.

"Funga waya," nikasema.

Alichimbia fimbo ya shaba nyuma ya nyumba, akauvuta waya hadi pale, kisha akaifunga hita mpya. Alhamisi akaja fundi Andendekisye na kipimo chake, nikampa ufunguo wa kufuli. Alipima kila kitu, akajaribu swichi mpya aliyoiweka Ezron ya kukata umeme ukivuja, ikakata. Akajaza karatasi, akasema nyumba iko salama, akaenda zake.

"Kaoge," nikamwambia Ezron.

"Anza wewe, mama. Nimekufungia wewe."

"Kaoge. Ndala nipe."

Alikuwa amevaa zilezile za kijani. Akazivua mlangoni, akanipa kwa mikono miwili, akaingia peku. Nikakalia kigoda nje, ndala mapajani, nikisikiliza maji. Yalipobadili sauti, nikaita.

"Ezron?"

"Naam, mama."

Nikasubiri kidogo. Nikaita tena.